Sketi Nane Hadi kwa Binti

"Hivi, dada, kwa ndege ni mwendo wa saa ngapi hadi kwa binti yako?" Jirani yake, mwalimu mstaafu, ndiye aliyemuuliza Mama Vifungo, siku alipoleta gauni lipunguzwe.

"Saa nane," akajibu, pini mdomoni. "Sketi nane."

Ndivyo alivyohesabu. Mama Vifungo hushona sare za shule katika chumba cha mbele, na sketi moja ya marinda humchukua saa nzima. Miaka minne iliyopita binti yake, wa pekee Mungu aliyemjalia, alimfuata mumewe ng'ambo, akaacha nakala ya tiketi kwenye droo ya cherehani. Kuondoka saa nne asubuhi, kufika saa kumi na mbili jioni, tarehe ileile. Mama akatoa, akapata nane. Basi kila binti aliposema, "Mama, safari ni ndefu, na mtoto bado mdogo," yeye alijibu "Haya," akakata simu. Moyoni alisema: mtu anayeshindwa kukaa kitini sketi nane tu ili amwone mamake, huyo hana hamu naye. Mwaka huu simu nyingine aliziacha zilie mpaka zichoke. Hata hivyo kitanda cha wageni alikitandika kila Jumamosi, akakiombea kama anavyoombewa mgonjwa.

Mwalimu akaomba aione hiyo tiketi. Akavaa miwani, akacheka kidogo.

"Mwenzangu, umepima kiuno kwa futi moja na urefu kwa nyingine. Saa ya kuondoka ni ya kwetu. Ya kufika ni ya kwao, na wao wako nyuma yetu saa tisa. Nane ongeza tisa."

"Kumi na saba."

"Kumi na saba, tena na mtoto mapajani. Hata mimi ningekwambia naumwa mguu."

Mama Vifungo hakucheka. Alitoa pini mdomoni mojamoja, akazichoma kwenye kimto chake cha pini. Kumbe mwanawe hakusema uongo. Hilo lilimpoza moyo, na hapohapo likamuuma, maana mtoto aliyekuwa umbali wa siku moja ya kazi alikuwa amesogea mbali maradufu, na zile "haya" zote hakuna sindano ya kuzifumua.

Mwalimu alipoondoka, Mama Vifungo alifunika cherehani. Nyumba ikanyamaza mpaka saa ya ukutani ikasikika. Kumi na mbili jioni. Akatoa tisa kwa vidole: kwao ni saa tatu asubuhi. Akapiga.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Nilikuonea. Nilidhani uko karibu."

Upande wa pili kijiko kikagonga sufuria.

"Nachemsha chai, mama, na mjukuu wako ndiyo kwanza anaamka. Nikupigie baadaye?"

"Usikate. Weka simu hapo mezani, nikusikie tu unavyochemsha chai."