Aliyetega Ndiye Ategue

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, hakuna risasi iliyolia. Ni asubuhi ile lori lilipofika kijijini kwetu, kando ya Mto Ruvuma, kuwachukua washindi.

Lakini nisikurukishe. Mzigo wa siku nyingi hautuliwi kwa kishindo.

Daudi, mjukuu wangu, Jumapili ulipokuja kwa treni kutoka chuoni kwako Richardson, ulinikuta nje ya mlango na jirani yetu Mrundi, tunaota jua la hapa Garland, huku ughaibuni, kama mijusi. Ukakaa nasi ukatueleza vita vya Wareno na wapigania uhuru wa Msumbiji, kama unavyovisoma darasani: bunduki za aina gani, ndege zilirukia wapi, nani alimzunguka nani. Ulieleza vizuri. Nilifurahi kusikia majina ya mito yetu kinywani mwako, ingawa uliyatamka kama mtu anayetafuna barafu. Kisha ukasema, "Babu, nime-decide. Naingia jeshi. Nimeshaongea na wanaoandikisha."

Jirani yangu, ambaye vita vilimtoa kwao akiwa na mtoto mgongoni, aliinuka taratibu akaenda kumwagilia mboga zake, nazo alikuwa ameshazimwagilia. Mama yako alikuwa jikoni. Nilisikia bomba likifunguliwa, maji yakaachwa yatiririke bure.

Hukuniomba ruhusa, na mimi sikukupa jibu. Mzee akijibu kabla ya kumeza mate hujibu kwa hasira. Leo nimemeza, ndipo nakutumia maneno haya huko chuoni. Sikiliza basi.

Wakati huo nilikuwa kijana wa umri wako. Mto Ruvuma ulikuwa mpaka wa wakubwa. Sisi haukuwa mpaka wetu. Tulioa ng'ambo, tukazika ng'ambo, na mashamba yetu mazuri ya mpunga yalikuwa kwenye bonde la ng'ambo, upande aliotawala Mreno. Vita vilipoanza, Wareno walichoma vijiji vya kule, watu wakavuka kwetu na watoto na kuku na sufuria nyeusi za moshi. Nyuma yao wakaja wapigania uhuru, wakaweka kambi msituni. Sisi vijana tukawa wachukuzi wao. Masanduku ya risasi tuliyabeba kichwani, tukavuka nayo kwa mtumbwi, tukaingia nayo porini hadi shingo zikakakamaa.

Nataka ulijue hili kabla sijaendelea: vita vile vilikuwa vya haki. Silisemi kwa kupinda mdomo. Nimewaona watu waliochapwa kwa sababu pamba yao haikutosha, nimewaona wazee waliolimishwa barabara kama maksai. Mtu akikukalia kifuani huna budi kumsukuma. Ningebeba tena masanduku yale.

Kiongozi wa kambi ya karibu nasi tulimwita Kamanda Radi. Ndilo lilikuwa jina lake la vita. Alikuwa mrefu, mwenye kusema polepole, na watoto wetu walimpenda kwa kuwa aliwachongea filimbi za mianzi. Kazi aliyoijua kuliko wenzake ilikuwa kutega mabomu ardhini. Njia zote za ng'ambo ziendazo mtoni alizitega, ili Mreno asitufuate hadi kivukoni. Naye alikuwa mwangalifu. Alipita nyumba kwa nyumba akituambia, "Ile msipite. Piteni hii."

Nyumba aliyoizoea zaidi ilikuwa ya Bibi Salima, mjane aliyebaki na binti mmoja, Hawa. Radi alipougua homa, Bibi Salima alimficha ghalani kwake, akamlisha uji kwa mkono wake.

Masika moja mvua ilinyesha kupita kiasi. Mto ulipanda, ukashuka na udongo, na kilichokuwa ndani ya udongo kikashuka nao. Maji yalipokauka, Hawa alivuka kwenda kuwafukuza ndege kwenye mpunga. Alipita njia tuliyoambiwa ni salama. Mlio tuliusikia tukiwa upande huu.

Watu wote walisema ni Mreno. Radi alikuwa mbali, ndani kabisa ya nchi. Aliporudi aliambiwa hivyo hivyo, akaenda kaburini, akalia kama mtu aliyefiwa na dada, akaapa kulipiza. Hakuna aliyemkosoa. Lakini sisi wachukuzi tuliyafahamu masanduku tuliyobeba, na vile vipande vya chuma tuliviona. Mreno hakuwa ametia mguu ukingo ule mwaka mzima. Tukanyamaza. Ungefanya nini? Vita vina lugha yake, na neno la kwanza kufundishwa ni kunyamaza.

Basi siku zikaenda. Redio ikatangaza kwamba Wareno wamepinduana huko kwao, na vita vimekwisha. Ngoma tulizipiga mpaka mikono ikavimba. Ndipo lilipokuja lori, kuwachukua wapiganaji kwenda kwenye sherehe ya kupandisha bendera. Wachukuzi nasi tuliruhusiwa. Mimi nilikuwa nimeshapanda, nimepewa kofia ya kijeshi inayonipwaya, nikijiona nimekuwa mtu. Kamanda Radi alipanda wa mwisho, sare imepigwa pasi, wanawake wakimpigia vigelegele.

Bibi Salima akaja na kaniki yake kuukuu, akasimama mbele ya lori. Dereva akapiga honi. Hakusogea.

"Radi, shuka," alisema.

"Mama, nitarudi. Nakwenda kwenye bendera, halafu nitakuja kukuaga vizuri."

"Shuka. Nina neno, na neno hili silisemi huku nimeinua shingo."

Akashuka.

"Binti yangu hakuuawa na Mreno," Bibi Salima alisema.

Ngoma zilinyamaza moja baada ya nyingine, kama taa zinazozimwa. Mjumbe wetu alijaribu kumvuta mkono. "Bibi, leo si siku yake."

"Siku yake ilikuwa lini?" Aliutoa mkono wake. "Vita vilipokuwa vita, nilinyamaza. Nilimpikia huyu nikijua. Nilijiambia, ana kazi ya watu wengi, akiimaliza atakuja mlangoni kwangu. Leo naona anapanda lori."

Radi alitutazama sisi wachukuzi. Mmoja mmoja tukainamisha vichwa. Jicho lake likaniangukia mimi. "Ni kweli?"

Mwanangu, kuna maswali mafupi yenye uzito wa jiwe la kusagia. Nikasema, "Ni kweli, Kamanda."

Hakulia safari hii. Uso wake ulikauka tu. Bibi Salima hakumpa nafasi ya kuomba radhi. "Yale uliyoyatega yamo bado," alisema. "Mpunga umejiotea. Watoto wamesikia vita vimekwisha, kesho watavuka. Umemwachia nani ayatoe? Mreno?"

Radi alivua kofia yake mpya, akamkabidhi dereva. "Nendeni," alisema. "Bendera itapanda bila mimi." Wenzake walimpigia kelele, wengine walimwita mjinga, mmoja alimkumbusha kwamba wakubwa watagawa vyeo siku hiyo. Alisimama pale pale. Na mimi nikajikuta chini. Hata leo sijui kilichonishusha. Lori likaondoka na nyimbo zake, vumbi likatufunika.

Bibi Salima alimuuliza, "Mama yako alikuita nani?"

"Tomasi."

"Basi Tomasi, kesho anza na njia ya kisimani."

Hayo ndiyo mambo ambayo katika vitabu vyako sijui yako ukurasa gani. Tulivuka kila kulipopambazuka. Tomasi alilala kifudifudi, akidunga ardhi kwa ncha ya singe, kisu cha bunduki, kidogo kidogo, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Mimi nilikaa nyuma na kamba na majivu; alipopapima pakawa salama, niliweka alama ya majivu. Alikumbuka kwa miti na vichuguu. Lakini masika hayakumwachia alama zake: mti huu umeng'oka, kichuguu kile kimemomonyoka. Mara nyingi alisimamisha mkono, akafumba macho, akitafuta kichwani mahali ambapo hapapo tena.

Siku moja tumepumzika aliniambia, "Nilipotega nilikuwa naimba. Kutegua hakuna wimbo wake."

Bibi Salima alituletea chakula, akakiweka ukingoni, akaondoka bila kumsemesha. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Tulikuwa tumefika pembeni kabisa mwa shamba la Bibi Salima pale kosa lilipotokea. Bomu lilikuwa limelala ubavu, chini ya mahali alipokwisha kupapima. Nilianguka, masikio yakaziba. Niliponyanyuka nilimwona Tomasi ameketi, anautazama mguu wake kama kitu cha mtu mwingine. Chini ya goti haukuwepo.

Nilimbeba mgongoni hadi mtumbwini. Ng'ambo, Bibi Salima alikuwa ameshaingia majini hadi kiunoni. Aliipasua kaniki yake, akamfunga paja kwa nguvu ambazo sikujua kama mwanamke mzee anazo. "Usife," alimwambia. "Usithubutu kufa. Hujamaliza."

Hakufa. Hospitali ya misheni ilimhifadhi, akarudi na magongo mawili wakati wa kutayarisha mashamba. Wengi walidhani amekuja kuaga. Kesho yake aliomba avushwe. Hakuweza tena kulala kifudifudi na kuinuka upesi, kwa hiyo aliketi nyuma ya alama za majivu akanifundisha mimi: mkono uwekwe wapi, pumzi izuiwe lini, lini mtu aache kazi kwa sababu vidole vimechoka. Yale ya mwisho niliyategua mimi, kijasho kikiniingia machoni, sauti yake ikinifuata nyuma: "Taratibu, ndugu yangu. Hakuna anayekukimbiza."

Bibi Salima akapanda. Ulipovunwa, mpunga wa kwanza aliutwanga mwenyewe, akaupika, akauweka mbele ya Tomasi mbele ya watu. Sisi tulingoja aseme amemsamehe. Tulilitaka neno lile kwa ajili yetu wenyewe, nadhani, sisi tuliojua na kunyamaza.

Alisema, "Kula. Hasira yangu bado ipo. Kula."

Tomasi alikula. Machozi yaliangukia sahani, naye akaendelea kula hadi ikawa nyeupe.

Hakuondoka tena kijijini. Wakubwa hawakumwita kwenye sherehe yoyote, wala cheo hakukiona. Alimjengea Bibi Salima ghala jipya, akamwita mama hadi siku alipomzika. Kama aliwahi kusamehewa kwa maneno, walijua wao wawili.

Sasa, Daudi, pale nje uliniuliza kwa jicho, ingawa hukutamka: Babu atanikataza? Sikukatazi. Wewe ni mtu mzima, na nchi hii imekulea. Mtu kutaka kuilinda nyumba iliyomlea si aibu. Wala sikuambii kwamba vita vyote ni sawa, maana nitakuwa nakudanganya, na masanduku niliyoyabeba yatanisuta.

Nasaha yangu ni hii. Usiipende kazi ya kutega kabla hujaizoesha mikono yako kutegua. Kuwa na haki hakukuondolei deni la kufagia. Tena mwenye haki ana hatari yake, kwa kuwa watu watamnyamazia, watamwimbia, watamwambia kila baya ni la adui, hata siku moja atasimama juu ya kaburi alilolichimba yeye akiapa kumlipiza mwingine. Kwa hiyo uwe na mtu mmoja katika maisha yako anayeweza kusimama mbele ya gari lako akakwambia shuka. Akikwambia, shuka. Usingoje wengine waseme kwamba amekosa adabu. Na kama aliyekosewa hakukupa neno la msamaha, usimdai. Fanya kazi uliyopewa, ule ulichopakuliwa.

Hili halihitaji sare, mwanangu. Nyumbani pia watu hutegeana. Neno moja kali kwenye simu, kimya cha miezi, mlango uliobamizwa. Wewe unasahau ulipoliacha, mvua inanyesha, na anayelikanyaga ni mtu uliyempenda. Mama yako hajakwambia kitu tangu Jumapili. Anafanya kazi usiku kwenye ghala la bidhaa, anarudi, anakaa kwenye gari pale maegeshoni muda mrefu kabla ya kupanda ngazi. Kabla hujatia sahihi, njoo ukae naye. Usije na majina ya bunduki. Njoo umuulize anaogopa nini, kisha unyamaze mpaka amalize. Baada ya hapo ukienda, utakwenda na moyo wake. Ukibaki, hutabaki kwa kununa.

Nami mzee wako nakuombea. Mungu akupe jicho la kuliona kosa lako kabla halijamfikia mtoto wa mtu. Akupe goti jepesi la kushuka unapoitwa, na mkono usiotetemeka katika kazi isiyo na nyimbo. Popote utakapopita, katika nchi hii au mbali, wanaokuja nyuma yako wapite salama, na akina mama wavune bila kutazama chini. Nenda na amani, mjukuu wangu, na amani hiyo uirudishe nzima.