Cheche za Kihonda

Tulikuwa wawili kwenye kibanda cha kukodi Kihonda, mimi na mwanamke niliyetarajia kumwoa. Tulisoma kemia chuo kimoja. Kazi yetu ilikuwa kuzamisha vipande vya alumini kwenye maji ya dawa na kupitisha umeme mkali, mpaka cheche zitambae juu yake na kuviacha vimevaa gamba gumu kama kauri.

Kazi ya kwanza ilitoka kwa shangazi yangu, mkulima wa karoti kule Mgeta. Mchanga wa mtoni ulikuwa unakula feni ya pampu yake, ile inayosukuma maji. Alituletea feni mbili mpya tuzivishe gamba.

Mwenzangu ndiye aliyepima kwenye mizani kostiki na silikati, dawa zetu mbili, akaziyeyusha kwenye maji. Dawa ilikuwa nyepesi, kwa hiyo cheche zilichelewa ingawa tulipandisha volti sana. Nikachoka kungoja. Alipotoka kufuata barafu ya kupoza beseni, nilizima umeme, nikaongeza dawa, nikawasha tena.

Cheche ziliwahi, volti zikiwa bado chini. Nikafurahi. Lakini punde zile ndogo nyeupe zikapungua, zikaja kubwa za rangi ya chungwa, zinang'ang'ania mahali pamoja.

"Umeongeza dawa," alisema aliporudi.

"Kidogo."

"Kidogo chako nakijua. Zima."

Gamba la feni ya kwanza lilikuwa nene, lakini limejaa matundu na nyufa. Nilipolikwangua kwa ukucha lilibanduka. Nilingoja anigombeze. Akavua glavu, akakaa juu ya ndoo.

"Ikiwa nyepesi mno, gamba haliji," alisema. "Ikiwa kali mno, linakuja limeharibika. Tutaitafuta ya katikati, hata kwa wiki nzima."

Tulitumia siku nne kujaribu kwenye vipande chakavu, huku yeye akiandika kila kipimo. Feni ya pili ilitoka ya kijivu, laini, imara. Sijawahi kuwa na siku nne nzuri kama zile.

Miezi michache baadaye alipata nafasi ya kusoma ng'ambo. Hakuniambia nimsubiri, nami sikuuliza. Ujumbe wake ulikuja kila siku, kisha kila wiki, kisha sikukuu hadi sikukuu. Sasa nafanya kazi peke yangu, na bado najikuta nikisogea kumpisha apite kwenye mizani.

Mwezi uliopita nilipanda Mgeta. Nilimwamkia shangazi shikamoo, tukafungua pampu. Gamba lilikuwepo, limechubuka kidogo tu ukingoni. Nikapiga picha, nikamtumia mwenzangu huko ng'ambo.

Alijibu baada ya siku mbili: "Shangazi hajambo?"

Nilimsomea shangazi, nikiwa bado sijashuka mjini. Aliendelea kufunga mafungu ya karoti.

"Mwambie aje aniulize mwenyewe," alisema.

Nimeyaandika maneno hayo kwenye simu mara nyingi. Sijayatuma.