Fundi Umeme Aliyechangia Jina na Mwanafizikia

Kila alipotaja jina lake la ukoo, fundi umeme yule aliongeza hapo hapo, kabla hajaulizwa: "Lakini hatuna undugu." Alisema hivyo benki, alisema hivyo kwenye dirisha la hospitali, na shangazi zake waliapa kwamba alisema hivyo hata siku ya kujitambulisha ukweni. Jina hilo alilichangia na mwanafizikia mashuhuri, na golikipa mmoja, na muuza magodoro wa mtaa wa pili, ambaye wateja wake walimpigia fundi simu wakiulizia inchi sita. Mafundi wenzake walimbatiza Profesa.

"Profesa wa kupigwa shoti," aliwajibu, akiwaonyesha kidole gumba kilichoungua.

Bintiye hakuurithi ulimi huo. Siku ya usaili wa kufundisha fizikia, mkuu wa shule alisoma jina lake akainua macho. "Yule mwanasayansi ni wa kwenu?" Binti alitabasamu. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alitabasamu tu, akapata kazi. Picha ya mwanafizikia ikatundikwa maabara, juu ya meza yake. Kwa miaka minane, umeme ulipozima, walimu walimwita yeye, mwenye damu ya mwanasayansi. Naye, ambaye hata plagi hakuwahi kufunga, alisimama mbele ya kisanduku cha swichi akitikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa, kisha akajificha stoo kumpigia baba.

Halafu nyaya za maabara zikaungua, na shule ikamwita Profesa.

"Baba, kazi hiyo ikatae," alimsihi.

"Kwa nini, mama? Mgongo unauma, lakini njaa nayo ipo."

Alishindwa kumwambia.

Mkuu alimpokea fundi kwa mikono miwili. "Mzee, kumbe ndiwe baba wa mwalimu wetu! Sasa huyu mkubwa hapa ukutani ni nani wako?"

"Hatuna undugu, mkuu," alijibu akiwa juu ya ngazi. "Hata wa kusingiziwa."

Mkuu akamgeukia binti, aliyesimama kando ya meza yake. "Mwalimu, si ulituambia?"

"Sikusema, mkuu. Nilitabasamu."

"Tabasamu lenyewe nimeliandika kwenye faili lako!"

Baba alimtazama bintiye, bisibisi mdomoni, akaelewa yote. Alifunga nyaya zake, akashuka, akamkabidhi ngazi. Mwalimu wa fizikia akaibeba begani mpaka getini, darasa zima likichungulia madirishani, na kwa mara ya kwanza alihisi uzito wa kazi ya ukoo wake.

Aliponea kwa barua ya onyo. Jumapili baba alimpigia simu. Siku tatu baadaye moyo wa baba ulisimama, akafariki, na simu hiyo ikabaki kuwa mazungumzo yao ya mwisho.

"Wamekufukuza?"

"Hapana, baba. Ila kesho wanaishusha picha."

"Waambie waiache, mama. Yule mzee hakumdanganya mtu."