Shada la Mtarakwa na Matunda Kumi na Sita

Kila wanapokata ua wa mtarakwa hapa mtaani, mimi husimama. Ile harufu ya utomvu, inayokwaruza pua kidogo kama tangawizi, hunirudisha kwenye kizingiti cha nyumba yetu ya matope upande wa Dagoretti, na vidole vyangu hujikuta vinatafuta kitu cha kufunga.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa mtunza bustani kwa Wazungu fulani huko Kilimani, na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama alichuma kahawa katika shamba la Mzungu mwingine, na nyumba tuliyoishi pamoja na Cucu, mama yake Baba, ilikuwa ya shamba hilo. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Mchumaji akipoteza kibarua alipoteza na nyumba, na asiye na barua ya mwajiri hakuwa na pa kusimama. Hayo niliyajua kama nilivyojua jina langu.

Jumamosi moja ya Desemba Baba alinipeleka nione mahali anapofanya kazi. Kwenye mlango wa nyumba ile palitundikwa shada, duara la majani mabichi lenye matunda madogo mekundu. Baba alisema ni pambo la Krismasi, nisiliguse. Sikuligusa. Nililitazama tu, mpaka nikajua kila tawi linaanzia wapi na linajificha chini ya lipi.

Niungame hapa kwamba nilikuwa mtoto wa kuchosha. Nikifagia ua, nilifagia tena ili mistari ya ufagio ielekee upande mmoja. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa nilipotangaza kwamba nyumba yetu nayo itakuwa na shada, na halitagharimu hata senti. Cucu alinipa ungo wake uliotoboka. Niliubomoa nikabaki na ukingo, duara zuri la fito. Matawi ya mtarakwa nilikata kwenye ua wa njiani. Kamba nilichana kwenye maganda ya mgomba, nikazilowesha zisikatike. Hakuna aliyenifundisha. Nilifunga, nikaona upande mmoja umenenepa, nikafungua. Nilifungua mara nne.

"Hili shada lako litazeeka kabla halijaolewa," Cucu alisema.

Hatimaye lilikaa sawa, lakini lilikosa wekundu. Ua wa miiba ya kayaba ulikuwa na matunda, ila yalikuwa ya manjano, na manjano sikuyaona Kilimani. Ndipo siku moja, nikiwa shambani na Mama, nikakiona kitu nilichokuwa nikikiona kila siku: kahawa iliyoiva, nyekundu, inang'aa kama imepakwa mafuta.

Sheria ya shamba ilikuwa moja. Kahawa haitoki, hata punje. Mama mmoja wa kambi yetu alifukuzwa na vyungu vyake kwa sababu ya kahawa ya kujaa mfuko mmoja wa rinda. Lakini sisi watoto tulimumunya yale maganda matamu siku nzima, nyapara akituona, na kwa akili yangu kahawa ilikuwa zile mbegu kavu za kwenye magunia. Hili lilikuwa tunda tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliyaficha ndani ya kitambaa cha kichwa, na mtu hafichi kitu anachoamini ni chake.

Yalikuwa kumi na sita. Nilipima nafasi kwa vidole, nikayafunga moja moja kwa vikonyo vyake, na adhuhuri ya kuamkia Krismasi nikalitundika shada mlangoni.

Mama alitoka mtoni na mtungi mgongoni. Kwanza alitabasamu. Kisha akasogea karibu.

"Wanjiru, hii ni nini?"

"Ni shada, Mama."

"Nauliza hivi vyekundu."

Mbwa wa jirani alibweka, na tukamwona nyapara Gathogo nyumba ya pili kutoka kwetu, akigawa sukari ya Krismasi ya shamba. Nyuma yake alikuja karani na gunia. Gathogo alikuwa na desturi ya kuingia ndani na kuchungulia hata chini ya kitanda.

Mama alilinyakua shada akaingia nalo. "Nichome?"

"Mtarakwa mbichi?" Cucu alisema akiwa kando ya moto. "Uwaite wote kwa moshi? Lete hapa. Kuleni, na mbegu mmeze."

Tulikula. Nilichomoa nikigawa, mawili kwa Mama, mawili kwangu, na Cucu akasokomeza yake ndani ya mashavu kama mtu anayehesabu. Zile mbegu zilikuwa na utelezi na zilishuka vibaya.

"Hamjambo humu?" Gathogo aliinama mlangoni. "Cucu, leo huna maneno?"

Cucu alitikisa kichwa, midomo imebana.

"Anaumwa jino," Mama akasema.

"Jino? Huyu amebaki na jino?"

Gathogo alilichukua shada magotini mwangu, akaligeuza. Upande wa nyuma, mahali ambapo mimi mpimaji kwa vidole sikuangalia, lilining'inia tunda moja.

Alilitazama. Alimtazama Mama, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Kuna nini huko?" karani aliita kutoka nje.

Gathogo alilichuma lile tunda akalitia kinywani. Niliona koo lake likipanda na kushuka, mbegu na yote.

"Hakuna kitu," alijibu. "Watu na Krismasi yao." Kisha akaniinamia. "Mwaka ujao weka kayaba."

Walipoondoka, Mama aliketi sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami niliyekuwa nikingoja kiboko nikacheka pia, bila kujua tunacheka nini. Alilitundika shada yeye mwenyewe. Lilikaa upande, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikunyoosha kitu. Baba alifika kesho yake akauliza wekundu uko wapi.

"Tumekula," Cucu alisema.

Kuna jambo sikumwambia mtu. Kabla ya kutoka, Gathogo aliomba maji. Alishika kata kwa mikono miwili, na bado maji yalimwagikia viatu. Nilidhani mbegu imemkwama. Ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba naye alilala katika nyumba ya shamba, na kwamba alikuwa amepita milango yote ile adhuhuri hiyo akiomba asikute kitu.