Msumari wa Nane

Wakuu, hili jambo limenikaa rohoni miaka kumi na tisa. Leo nalitapika.

Damson, farasi wa Bibi Thirza, alisimama uani kwa miguu mitatu. Wa nne kauning'iniza, anatetemeka, jasho linamchuruzika kwenye baridi ya asubuhi ya Yorkshire, Uingereza.

Siku tano nyuma, mimi ndiye niliyemvisha viatu.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kugongelea farasi viatu vya chuma. Mzee Amos aliyenifunza alikuwa na sheria moja: misumari saba, basi. Minne nje, mitatu ndani. Kwato ina ukucha mfu na ina nyama hai, na katikati hapana pa kuchezea.

Ila bibi alikuwa na maonyesho Jumamosi.

"Kijana wangu, kiatu kisije kikamvuka mbele za watu!"

Nikaongeza wa nane. Kiherehere tu. Damson akashtuka kidogo. Nikajikausha.

Sasa bibi ananitolea macho. "Hob, ana nini huyu, mwanangu?"

Nilipaswa kung'oa kiatu palepale. Lakini jina langu lingekwisha bonde zima siku hiyohiyo.

"Unampa sukari?" nikauliza.

"Vipande viwili vitatu, kila asubuhi. Marehemu mume wangu ndiye aliyemzoesha."

"Ndiyo hiyo, bibi. Sukari ikizidi inamshukia kwatoni. Mwache apumzike, atapona."

Ugonjwa huo upo kweli, ndiyo maana uongo wangu ulikubalika. Bibi hakuita daktari. Aliniamini mimi.

Siku ya nane Damson akalala, hakuinuka. Daktari wa mifugo alikuja kumchoma sindano ya mwisho.

Bibi akaomba kiatu kimoja akitundike mlangoni, kama ilivyo desturi yetu. Nikaenda na Mzee Amos kukitoa kwenye mguu ule mbovu. Misumari saba ikatoka mikavu. Wa nane ukatoka mweusi, umelowa, unanuka.

Mzee akaunusa. Akanitazama.

"Neno cloy unalijua?"

"La vitu vitamu. Kula mpaka unakinai."

"Hayo yamekuja baadaye. Wazee walilitoa Ufaransa, likiwa ni kumgongelea farasi msumari mpaka kwenye nyama. Likaja kuwa kuziba, likawa kujaza kupita kiasi, ndipo likafika kwenye sukari. Lakini lilianza na fundi kama wewe. Nenda kamwambie."

Nikaingia jikoni. Bibi akanimiminia chai. Bakuli la sukari halikuwepo mezani.

"Utanisamehe, Hob. Sukari haiingii tena nyumba hii. Nimemuua kwa kumpenda."

Nikainywa chai ile mpaka tone la mwisho.

"Pole sana, bibi," nikasema. Basi.

 Tangu siku ile Mzee Amos hakunipa mkono tena.

Bibi Thirza tumemzika mwezi uliopita. Mjukuu wake alisimama kanisani akasimulia, watu wakitabasamu, jinsi bibi alivyokunywa chai bila sukari miaka kumi na tisa na asiseme sababu.

Ndugu zangu, ukikosea sema mapema, wakati msumari bado unang'oleka. Mimi nilikaa mstari wa pili mle kanisani, na nikanyamaza tena.