Diski ya Breki Mbele ya Mama Mkwe

Miaka arobaini iliyopita nilipewa mke kwa kujiita fundi wa magari, na ukweli ni kwamba pale gereji nilikuwanga mwosha magari tu. Shule nayo niliiacha darasa la tatu, kwa sababu ya ng'ombe mmoja, lakini hayo tuyaache.

Juzi hapa Amalemba niliamua kubadilisha diski za breki za gari langu kuukuu, nimrudishe mama mkwe, mgeni wetu, kwake Shianda. Diski ya kwanza ilikuwa imeganda kwa kutu. Nikaigonga na nyundo, nikaimwagia mafuta ya taa, nikavua shati, nikaipiga mateke nikiitukana pamoja na ukoo wake. Haikusonga.

"Baba Ayuma, si uite fundi?" mke wangu akasema.

"Fundi gani tena, na mimi niko hapa?"

Nikageuka kuchukua nyundo. Lo! Mama mkwe amesimama mlangoni! Kwetu mama mkwe haoni kifua cha mkwewe. Nikajitupa nyuma ya gari kama kifaranga aliyeona mwewe.

Naye akanipa mgongo, kama desturi inavyotaka. Marehemu mumewe aliendesha trekta la miwa, na huyu mama ndiye alikuwa akimshikia spana. Akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie kuna skrubu mbili ndogo zimeshika hiyo diski. Afungue hizo kwanza. Halafu umwulize, hii miaka yote alikuwanga fundi wa nini?"