Wimbo Uliokulia Gizani

Thelma Oldroyd alizeekea gizani wala hakuona ubaya. Kila majira ya baridi, mashamba ya Yorkshire, Uingereza, yakiwa matope na theluji, yeye na mwenzake Beryl waliingia banda lisilo na dirisha kuvuna rubarbu, mboga ya mabua mekundu ambayo ikipigwa na jua hukakamaa. Walivuna kwa mshumaa. Ukinyamaza uliisikia ikikua: machipukizi yakipasua maganda, pu, pu, huku na kule, kama mvua isiyo na haraka.

Humo Thelma alipata wimbo. Haukuwa na maneno. Ulimjia kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, naye akiuvumisha puani huku mikono ikivuta mabua.

Watu wa huko, kitu kikianza kuwako, kiwe mtoto au daraja, husema kimeona mwanga wa mchana.

“We Thelma,” Beryl alimchokoza, “huo wimbo wako utauona lini mwanga wa mchana? Au unangoja utuozee humu?”

“Ukiuona utakakamaa.”

“Wimbo si rubarbu, mwenzangu.”

Thelma alicheka, lakini aliogopa. Mimba alizowahi kubeba ziliharibika zote, hakuna hata moja iliyouona mwanga huo, na tangu hapo alizoea kuficha alichokipenda.

Asubuhi moja Beryl, bila kuuliza mtu, akamleta Arnold Sykes, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya kijiji. Thelma akaona haya, akageukia ukuta. Arnold akavua kofia, akainama, akapuliza mshumaa.

“Haya, bibie. Sasa mimi sikuoni, wewe hunioni.”

Machipukizi yakapasuka. Halafu Thelma akauimba wimbo wote, kwa mara ya kwanza, na alipomaliza hakujua kama amesimama au anaelea.

Mwezi wa Mei bendi iliupiga mbele ya kanisa, jua likiwaka juu ya shaba ya matarumbeta. Thelma alisimama amefinya macho. Wimbo ulikuwa mkubwa kuliko yeye, ukipita juu ya mapaa kama kitu kisicho na mama. Beryl alikuwa analia waziwazi.

Ulipokwisha, Thelma alimwendea Arnold.

“Pale katikati mnakimbia.”

“Basi njoo mazoezini Alhamisi ututulize.”

Akaenda. Alhamisi hiyo, na nyingine nyingi baadaye.